Majibu Niliyoyaficha

Ijumaa ile, saa tatu asubuhi, Daktari Mkuu aliniita ofisini kwake kwa jina langu kamili, lile la kwenye vyeti. Kwenye kituo chetu cha utafiti kila mtu alijua maana yake. Akikuita kwa jina la utani, kuna chai. Akikuita kwa jina la vyeti, shika kitambaa chako mapema.

"Funga mlango," alisema. "Kaa."

Nikakaa. Mbele yake kulikuwa na daftari la maabara, na kidole chake kilikuwa kimetua kwenye mstari mmoja.

"Mtoto nambari mia moja na kumi na nne. Maabara wanasema majibu yake walikukabidhi wewe, mkononi, Jumatatu ya wiki iliyopita. Leo Ijumaa. Kwenye orodha ya familia zilizoarifiwa simwoni. Majibu yako wapi?"

"Kwenye droo yangu."

"Yanasemaje?"

Nilitaka kusema sikumbuki. Lakini namba ile nilikuwa nalala nayo na kuamka nayo.

"Arobaini na saba."

Daktari alifunga daftari polepole. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, na hasira zake zilikuwa zinashuka badala ya kupanda. Alivyokuwa akikasirika ndivyo ulivyolazimika kuinama ili umsikie.

Utafiti wetu ulikuwa wa kupima madini ya risasi kwenye damu ya watoto, yale madini mazito ya kijivu yaliyomo kwenye betri za magari. Mtoto akiyameza kidogo kidogo, kwa vumbi na kwa vidole, yanamwingia kwenye mifupa na kwenye ubongo. Kipimo kikifika tano, tunaanza kutafuta yanakotoka. Kikifika arobaini na tano, mtoto anatakiwa apewe dawa hospitalini, na familia inaambiwa siku hiyohiyo. Kanuni hiyo niliiandika mimi mwenyewe. Ilikuwa imebandikwa ukutani nyuma ya kiti cha Daktari, kwa mwandiko wangu, na siku hiyo nilikosa pa kuyaweka macho.

"Mtoto huyu ni nani kwako?"

"Ni binti wa mtu ninayemfahamu."

"Unamfahamu vipi?"

"Anataka kunioa, Daktari."

Alivua miwani. Mimi nikaanza kulia kabla hajanigombeza, jambo ambalo mpaka leo nalionea haya, maana machozi yale yalikuwa ya kujihurumia mwenyewe.

*

Nilikutana na mwanamume huyo miezi saba kabla ya hapo, nikiwa na kikapu cha sindano na fomu zangu. Mtaani watoto walikuwa wameshanipa jina: Dada Sindano. Wakiniona kona ya mbali, wanatawanyika kama kuku walioona mwewe.

Kwenye nyumba yao hakutawanyika mtu. Alitoka msichana wa miaka sita, mikono kiunoni, akaniuliza nimetoka wapi, naitwa nani, nina watoto wangapi, na kama sina ni kwa nini. Wenyewe walimwita Chiriku, na jina lilimkaa. Mama yake alifariki Chiriku akiwa na miaka miwili. Alilelewa na bibi yake na baba yake, fundi wa betri, mwanamume mrefu aliyeweza kubeba betri ya lori begani huku anapiga mluzi.

"Mchome baba kwanza," Chiriku alisema.

"Mimi sina tatizo," Fundi alijibu, akanyoosha mkono mbele ya binti yake kama shujaa.

Nikamdunga ncha ya kidole tu, kwa kumridhisha mtoto. Akatazama tone la damu. Akasema, "Ah, kumbe si kitu," kisha akaenda chini mzimamzima, pwaa, kama gunia la mchanga. Chiriku alicheka mpaka akakaa chini. Na akiwa bado anacheka, akaninyooshea mkono wake mdogo. "Mimi siogopi. Toa."

Wiki iliyofuata Fundi alikuja kituoni kuuliza kama tuna betri mbovu. Tulikuwa nayo moja. Akaja tena kuuliza kama ile aliyoitengeneza inafanya kazi. Akaja mara ya tatu, akasimama mlangoni, akazungusha kofia yake mikononi.

"Leo hakuna kilichoharibika," nilimwambia.

"Najua. Nimeishiwa visingizio. Nimekuja hivihivi."

Basi, nikampenda. Nilipenda alivyonitazama, kama mtu anayesikiliza kwa macho. Nilipenda alivyomsuka binti yake nywele, mistari imekwenda upande, na Chiriku akitembea nazo kwa maringo. Nilikuwa nakwenda kwao Jumapili, nakaa kwenye kigoda uani, mita sita kutoka kwenye banda la mabati ambamo aliyeyushia sahani za betri kuukuu kwenye karai. Mimi niliyesomea sumu. Nilikuwa namwona mwanamume tu, karai silioni.

Aliyekuwa hanitaki ni mama yake Fundi.

"Kazi gani hiyo," alimwambia mwanawe siku moja, makusudi nisikie, "kuzunguka majumbani kunyonya damu za watoto wa watu? Kunguni naye anafanya hivyo, na hajasomea."

Lakini Fundi hakukata tamaa. Akamwomba, akambembeleza, mpaka mama akakubali siku ipangwe. Jumamosi nifike rasmi, tukae, tuzungumze kama watu wazima. Siku tano kabla ya Jumamosi hiyo, ndipo majibu yalipotoka. Tulikuwa tumerudia kuchukua damu ya watoto wote wa mtaa ule, safari hii ya mshipani, maana ile ya vidoleni ilikuwa imechanganyika na vumbi la mikono, na ya Chiriku ilisema arobaini na saba.

Nilijua papo hapo yanatoka wapi. Nikajiambia: nikimwambia leo, nitakuwa nimemwambia kwamba anamuua mtoto wake kwa kazi ya mikono yake. Mama yake atasema, mnaona, nilisema mimi. Jumamosi haitakuwepo. Nikajiambia tena: huenda sampuli ilichafuka. Nikajiambia: baada ya Jumamosi. Mwongo mzuri kuliko wote ni yule anayekudanganya kwa sauti yako mwenyewe.

Alhamisi Fundi aliniuliza. Tulikuwa uani, Chiriku amekaa mapajani mwangu, ameegemea kifua changu, kimya. Siku hizo alikuwa ameanza kunyamaza, na tumbo lilikuwa linamsokota.

"Majibu ya huyu bado tu?"

"Bado," nilisema. "Maabara wamezidiwa."

"Sina haraka. Wewe nakuamini kuliko mashine."

Jumamosi mama yake alinikalisha karibu naye. Tulizungumza mpaka jua likapinda. Nilipoaga, akanishika mkono, akaniita mwanangu. Baada ya neno hilo nilishindwa kabisa. Kila asubuhi nilifungua droo, nikaitazama bahasha, nikaifunga.

*

Nilimweleza Daktari yote hayo, hata lile la mapajani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wengine ni wangapi kwenye droo?"

"Hakuna mwingine. Nakuapia."

"Usiape. Utaniletea droo nzima niikague." Akavaa miwani. "Kuanzia sasa hivi hugusi sindano wala fomu. Nitaandikia kamati ya maadili, na wewe utaandika maelezo yako, kwa mkono wako, bila kutia chumvi wala sukari. Sasa simama twende."

"Wapi?"

"Kwa mtoto. Au tungoje siku ya kumi na mbili?"

"Daktari, naomba niwaambie mimi."

"Utawaambia wewe. Lakini huendi peke yako. Mtu anayependa husema nusu."

Tulipofika, mama yake Fundi alikuwa amekaa kwenye mkeka uani, anachambua mchele. Aliponiona uso wake ulifunguka.

"Mwanangu! Karibu, karibuni. Na leo umekuja na mkubwa wako? Fundi! Njoo, tuna wageni wa heshima."

Kila neno lilinichoma. Chiriku alikuwa amekaa juu ya ganda la betri tupu, mbele ya banda, anachora kwa kidole kwenye vumbi la kijivu. Alichora, akalamba kidole, akachora. Daktari aliona.

Fundi alitoka bandani anafuta mikono kwenye shati, anatabasamu. Tabasamu lile lilikuwa langu, na nilijua ni la mwisho.

"Vipi? Mbona mmesimama kama mashahidi?"

"Majibu ya Chiriku yametoka," nilisema. Kisha nikakumbuka maneno ya Daktari. "Yalishatoka. Si mazuri. Ana risasi nyingi mwilini. Inabidi aende hospitali leo hii."

Mama yake aliacha mchele. Alitutazama mmoja mmoja.

"Risasi?" alisema. "Mjukuu wangu ana risasi mwilini?" Akainuka, ungo ukamwagika. "Saa ngapi? Nani kampiga? Njoo hapa mwanangu, nikuone, wamekupiga wapi?"

Alikuwa anamgeuzageuza mtoto, anatafuta tundu. Daktari alifungua mdomo kumweleza, lakini Fundi alimtangulia. Alikuwa amelitazama banda lake, maganda ya betri yaliyopasuliwa, karai, vumbi. Alikuwa fundi; kuunganisha vitu ndiyo kazi yake.

"Mimi, mama," alisema. "Mimi ndiye niliyempiga."

"Unasema nini wewe?"

"Si ya bunduki. Ni hii." Akaokota kipande cha madini, akakionyesha kama mtu anayeonyesha kisu. "Hii ndiyo inaitwa risasi. Ninayoyeyusha kila siku." Akanigeukia. "Mlisema mnatafuta sumu ya kile kiwanda cha rangi kilichofungwa. Ndivyo ulivyonielezea siku ya kwanza."

"Tulidhani ni kiwanda. Watoto wa jirani na kiwanda wana nane, wana kumi. Chiriku ana arobaini na saba."

Alimwendea binti yake kwa hatua mbili ndefu, akainama kumbeba, na mikono ikasimama hewani. Akaitazama. Akalitazama shati lake. Sitaisahau sura ile: mwanamume mzima amesimama na mikono wazi, anaogopa kumgusa mtoto wake.

"Naweza kumshika?" alimuuliza Daktari.

"Vua shati. Nawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Halafu mshike."

Alivua. Alinawa. Alinawa tena, na tena, mpaka sabuni ikawa ukanda mwembamba. Chiriku alikuwa anamtazama kwa mshangao.

"Baba, hata mikono yako haikuwa michafu sana," alisema.

Hapo mama yake Fundi alikaa chini. Sauti yake ilikuwa imepungua nusu. "Shati lake," alisema. "Mtoto alikuwa hapati usingizi bila harufu ya baba yake. Mimi ndiye niliyekuwa nampa shati la kazi alilalie. Nalikunja vizuri, naliweka chini ya shavu lake." Akajifunika uso. "Mimi, jamani. Kwa mkono wangu."

"Mama, hukujua," Daktari alisema. "Hakuna aliyewaambia."

Daktari hakuwa na nia mbaya. Lakini neno lile liliangukia pale lilipotakiwa kuangukia. Fundi, kifua wazi, Chiriku amemkumbatia shingo, aliinua kichwa.

"Yalitoka lini majibu?"

"Jumatatu," nilisema.

"Ya wiki hii?"

"Ya wiki ile nyingine."

Nilimwona akihesabu. Midomo yake ilikuwa inacheza.

"Alhamisi nilikuuliza."

"Ndiyo."

"Ukasema bado."

"Ndiyo."

"Alikuwa amekukalia mapajani. Ulikuwa unampapasa kichwa, ukasema bado."

"Nilikuwa naogopa kukupoteza, Fundi."

"Mimi?" Hakupaza sauti. Laiti angepaza. "Ungenipoteza mimi, ningepona. Mimi ni mtu mzima, ninalia, ninapona. Huyu je?"

Mama yake alikuwa ameondoa mikono usoni. Hakunitukana wala kusema, mnaona, nilisema mimi. Alinitazama tu, kisha akaanza kuokota punje za mchele zilizomwagika, moja moja.

*

Chiriku alilazwa mchana uleule. Dawa yenyewe ilikuwa vidonge, asubuhi, mchana na jioni, vya kuitoa risasi damuni, na vilinuka kama mayai yaliyooza. Kwa siku tatu alivitapika.

Mimi niliandika maelezo yangu. Niliyaandika mara nne. Mara ya kwanza niliandika "kutokana na mazingira fulani majibu yalichelewa." Daktari alinirudishia bila neno, amepiga mstari chini ya "yalichelewa." Mara ya nne niliandika: "Niliyachelewesha. Nilidanganya nilipoulizwa." Alisoma, akaweka sahihi, akasema, "Sasa angalau kuna mtu wa kumsamehe."

Kamati ilinisimamisha kazi ya nyumba kwa nyumba. Kuanzia siku hiyo ikaamuliwa majibu yote yatoke maabara kupitia mikono ya watu wawili, na mtafiti asiguse bahasha ya mtu wa kwake. Wenzangu waliipa kanuni hiyo jina langu la utani. Walikuwa wananyamaza nikiingia.

Kila saa kumi, saa ya kuwaona wagonjwa, nilikwenda hospitali, nikakaa kwenye benchi la nje ya wodi ya watoto. Sikuingia. Fundi alipita mbele yangu na chupa ya maji, na birika, na nguo zilizofuliwa. Siku ya kwanza alipunguza mwendo. Siku ya pili hakupunguza. Nilikuwa namsikia harufu ya sabuni anapopita, sabuni tupu, hakuna tena ile harufu ya moto na chuma niliyoizoea, na moyo wangu ulikuwa unainuka kama mbwa aliyesikia hatua za mwenyewe.

Siku ya sita alitoka mama yake, akasimama mbele yangu.

"Wewe binti. Unakaa hapa kila siku kama mlinzi ambaye lindo lake limeshaibwa."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Siyo kwamba nimekusamehe."

"Najua, mama."

"Nataka tuelewane. Mimi nilikuita mwanangu, nawe ulikuwa umelikalia jambo. Ulipokea neno langu na uongo mfukoni. Hilo limeniuma kuliko la mwanangu kukupenda."

Nilipiga magoti pale kwenye sakafu ya hospitali, watu wanapita. "Nisamehe, mama. Sina la kujitetea."

"Inuka. Watu watadhani nimekufukuza kazi." Nikainuka. "Daktari wenu amesema mtoto hawezi kurudi nyumba ile mpaka vumbi litoke. Akanipa karatasi. Mimi macho yangu na maandishi yale hayaelewani. Nimefagia mara tatu, akasema kufagia ndiko kubaya zaidi. Sasa nisipofagia, nitasafisha kwa kupuliza? Nani atanionyesha?"

"Nitakuonyesha mimi."

"Ndicho nilichokujia. Usifikiri nimekujia sura yako."

Tulisafisha siku mbili. Nilimfundisha kulowesha kwanza, kupangusa kwa kitambaa cha maji, kubadilisha maji kila chumba, kuacha ufagio mkavu kabisa. Tulipangusa madirisha, mvungu wa kitanda, juu ya kabati ambako hakuna aliyewahi kufika. Maji yalikuwa yanatoka kijivu kama wino. Mama alikuwa anayatazama kwenye ndoo, anatikisa kichwa. "Haya yote tulikuwa tunayala," alisema.

Banda halikuwepo tena. Fundi alikuwa amelivunja bati kwa bati. Watu wa mazingira walichukua mabaki na udongo wa juu. Pale lilipokuwa palikuwa na mraba wa ardhi mbichi.

Siku ya pili, alasiri, nikiwa nimepiga magoti napangusa kizingiti, niliona viatu vyake. Nilibaki palepale, nikakishika kitambaa.

"Kipimo chake leo ni ishirini na mbili," alisema.

"Kimeshuka," nilisema. Machozi yakadondoka kwenye kizingiti nilichokwisha kupangusa.

"Ameanza kusema tena. Leo amemuuliza muuguzi ana watoto wangapi, na kama hana ni kwa nini." Ungesema anacheka. Halikuwa cheko. "Lakini Daktari amesema wazi. Iliyoshaingia kichwani haitoki yote. Shuleni huenda akapata shida. Huenda. Hakuna ajuaye."

"Najua."

"Siku zile kumi na moja, zilimwongezea ngapi?"

Hilo ndilo swali nililokuwa naliogopa kuliko yote. Ningeweza kusema kidogo sana. Ningeweza kusema damu yake ilikuwa imeshajaa.

"Sijui, Fundi. Hakuna anayeweza kujua. Huenda kidogo, huenda nyingi. Ila zilimwongezea."

Ndani, mama alikuwa ameacha kukamua kitambaa.

"Asante kwa kutopunguza," alisema. Kisha akakaa kwenye ngazi, si karibu nami, wala si mbali. "Mimi nimefanya kazi ile miaka kumi na mbili. Sahani zilizonizidi nilikuwa nawauzia mafundi wengine wawili. Nimewafundisha wengine watatu. Mtaa wa juu wote wanayeyusha uani, na watoto wamekaa pembeni wanaota moto. Mimi ndiye niliyewaonyesha. Nimeanza kuwapitia. Nagonga mlango, nasema, mtoto wangu kakutwa na sumu, wapimeni wenu. Wananiuliza dalili zake ni zipi, nashikwa na kigugumizi. Wananiuliza namba, nashindwa. Jana mmoja kanifungia mlango, akasema nimefilisika sasa nataka wenzangu nao wafunge."

"Mimi nimekatazwa kugusa sindano."

"Sikutaka sindano. Nataka mdomo."

Nilimwomba Daktari ruhusa. Alinijibu kwamba kusema ukweli hakuhitaji kibali cha kamati, mradi nisibebe fomu na nisijifanye nimetumwa na kituo.

Asubuhi ya kesho yake tulipanda mtaa wa juu. Tulitembea pamoja, kila mtu na upande wake wa njia. Mara mbili mikono yetu ilikaribiana, na mara mbili kila mmoja akauvuta wake. Sikuthubutu kumtazama, nilitazama kivuli chake, kirefu, kilichokuwa kinagusa changu bila kujali sisi.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya fundi aliyefundishwa naye. Mkewe, mshona nguo, alifungua mlango nusu, sindano yenye uzi mdomoni, mtoto wa kiume amemshika sketi. Nyuma yake, uani, niliona moshi.

"Fundi, si ulishakuja juzi? Mume wangu amekwambia hataki." Akanitazama kuanzia kichwani mpaka viatuni. "Na huyu ni nani?"

Nilingoja. Angeweza kusema mtaalamu. Angeweza kusema mtu wa kituoni, au rafiki, au jirani tu, na lolote kati ya hayo ningelishukuru.

"Huyu alijua mwanangu ana sumu," Fundi alisema, "akakaa siku kumi na moja hajaniambia."

Mshona nguo alitoa sindano mdomoni.

"Ni kweli?" aliniuliza.

"Ni kweli," nilisema.

"Sasa mbona umemleta kwangu?" alimuuliza Fundi.

"Kwa sababu anajua kuchelewa kunafanya nini kwa mtoto," alisema. "Hapa hatachelewa tena. Msikilize."

Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile, alinigeukia akanitazama machoni. Macho yake yalikuwa bado na maumivu, na hayakuniahidi kitu. Lakini hayakukimbia. Nikachuchumaa mpaka uso wangu ukalingana na wa yule mtoto, nikamwambia mama yake yote, tangu dalili za mwanzo, tumbo na ukimya, hadi namba na dawa na mahali pa kumpeleka leo hii kabla ya saa sita.

Nilipomaliza, mwanamke yule alikuwa ameshageuka, anamwita mumewe azime moto.